Aliyehesabiwa na Asiyehesabiwa: Takwimu za Matumizi katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi wa maktaba, wakutubi wenzangu, na ndugu zetu wa TEHAMA ambao safari hii mmekubali kuketi pamoja nasi: nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie takwimu za matumizi na namna zinavyoweza kutusaidia kusimamia majarida, vitabu na hifadhidata za kielektroniki tunazolipia. Nitaanza na fedha, kwa sababu ndiko mjadala huu unakoanzia vyuoni kwetu. Kila msimu wa bajeti Makamu Mkuu wa Chuo anauliza swali ambalo ana haki kabisa ya kuliuliza: tunatoa maelfu ya dola kwa majarida haya, nani anayasoma? Kwa miaka mingi tulimjibu kwa maneno ya jumla, kwamba chuo kikuu hakiendi bila majarida, kwamba watafiti watalalamika. Leo tunaweza kumwekea tarakimu mezani, na hilo ni jambo jema. Ninachohofia ni kwamba tumeanza kuzishika takwimu hizi kama panga la kufyekea kabla hatujajifunza kuzisoma.

Hamu ya kujua kipi kinasomwa na kipi kinalala rafuni ni ya zamani katika taaluma yetu. Mwaka 1969 Richard Trueswell alieleza kwamba takriban asilimia 80 ya uazimaji katika maktaba hutokana na asilimia 20 tu ya vitabu. Miaka kumi baadaye, 1979, Allen Kent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha utafiti uliowashtua wengi. Walifuatilia vitabu ambavyo maktaba yao ilivinunua mwaka 1969 wakakuta kwamba takriban asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Wakati ule ushahidi ulikuwa mikononi mwa mkutubi: kadi, muhuri wa tarehe, vitabu vilivyoachwa juu ya meza za kusomea. Zilipokuja rasilimali za kielektroniki, rafu ilihamia kwenye seva ya mchapishaji, na daftari la uazimaji likahamia huko huko. Muuzaji akawa ndiye anayetuambia bidhaa yake imetumika mara ngapi, tena kila muuzaji kwa hesabu yake.

Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa COUNTER. Ulianza Machi 2002, ukawakutanisha wakutubi, wachapishaji na mawakala wa majarida, na mwaka 2003 ukatoa kanuni zake za kwanza za namna ya kuhesabu. Toleo la 5 lilianza kutumika Januari 2019, na marekebisho yake, toleo la 5.1, yakaanza Januari 2025. Mniruhusu nikae kidogo kwenye namna ya kuhesabu. Nimekwisha kuona vikao ambavyo ripoti iliyoletwa ilikuwa ya safu moja na maelezo ya safu nyingine, na uamuzi wa mamilioni ya shilingi ukapitishwa juu yake.

Katika toleo la 4, mwanafunzi akifungua makala kwenye ukurasa wa intaneti, kisha akapakua PDF ya makala ile ile, yalihesabiwa maombi mawili. Basi mchapishaji ambaye tovuti yake ilimlazimisha msomaji apitie ukurasa kwanza alionekana anatumika sana, na kwa hiyo ni nafuu. Mwenzake aliyempeleka msomaji moja kwa moja kwenye PDF alionekana hana wasomaji. Toleo la 5 lilileta kipimo cha maombi ya kipekee: makala moja, katika kikao kimoja cha msomaji mmoja, inahesabiwa mara moja tu, hata akiifungua kwa namna tatu. Aidha, mibofyo inayofuatana kwenye kitu kile kile ndani ya sekunde 30 inachukuliwa kuwa mmoja, kwa sababu sote tunajua intaneti ikiwa nzito mkono unabofya tena na tena. Ukitaka kulinganisha mchapishaji na mchapishaji, tumia maombi ya kipekee. Na kama jedwali lako linaunganisha miaka ya toleo la 4 na ile ya toleo la 5, usiseme matumizi yameshuka mwaka 2019 kabla hujaangalia kama kilichobadilika ni wasomaji au ni rula ya kupimia.

Kuna jambo la pili. Kanuni hizi zinamtofautisha mtu aliyeitazama makala kwa namna yoyote, kwa mfano aliyesoma ikisiri, na mtu aliyeomba maandishi kamili. Hesabu ya kwanza inaijumuisha ya pili, kwa hiyo siku zote ni kubwa au sawa nayo. Ninachokitafuta mimi ni pengo kati yake. Jarida ambalo ikisiri zake zinasomwa sana lakini maandishi kamili yanaombwa kwa nadra lina habari ya kusimulia. Pengine ikisiri inatosha. Pengine msomaji amekuta kufuli. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na tarakimu peke yake haisemi ni ipi.

Sasa tufike kwenye gharama kwa kila matumizi, hesabu ambayo kila mkuu wa chuo anaielewa papo hapo. Nichukue mfano wa kubuni ili nisimguse mtu. Maktaba inalipa dola 30,000 kwa mwaka kwa kifurushi cha majarida, na ripoti inaonyesha maombi 6,000 ya maandishi kamili. Gawanya: dola 5 kwa kila makala. Ukikumbuka kwamba makala moja kwenye tovuti ya mchapishaji mara nyingi huuzwa dola 30 hadi 40, dola 5 inaonekana zawadi. Hapo ndipo wakala wa mauzo anapoishia kwenye slaidi zake, na hapo ndipo sisi tunapotakiwa kuendelea.

Tuulize, katika maombi hayo 6,000, ni mangapi yalikuwa ya makala za ufikiaji huria, ambazo mtu yeyote duniani anazisoma bure? Ripoti ya COUNTER iitwayo TR_J3 inatenganisha hayo. Tuseme ni 1,500. Hatuzilipii hizo, kwa hiyo zitoke. Tunabaki na 4,500, na gharama inapanda hadi karibu dola 7. Tuulize tena: makala zilizosomwa ni za miaka gani? TR_J4 inapanga maombi kwa mwaka wa kuchapishwa. Kama mkataba wetu wa miaka iliyopita ulitupa haki ya kudumu ya kusoma matoleo tuliyoyalipia, basi msomaji aliyefungua makala ya miaka hiyo angeweza kuisoma hata tungesimamisha malipo leo. Tuseme hao ni 1,500 wengine. Yanabaki maombi 3,000, na kila moja ni dola 10. Kifurushi ni kile kile, mwaka ni ule ule, lakini gharama imekuwa mara mbili. Sisemi dola 10 ni ghali. Nasema kwamba mtu anayekwenda kujadiliana bei akiwa na dola 5 mkononi amekwenda na hesabu ya mwenye duka.

Nitapita haraka juu ya kulinganisha taaluma, kwa kuwa wengi wenu mnalijua. Jarida la tiba katika chuo chenye mamia ya wanafunzi wa udaktari halikai mizani moja na jarida la akiolojia linalosomwa na wahadhiri wanne na wanafunzi wao wa uzamili wanaochimba Kilwa na Songo Mnara. Ukipanga majarida yote kutoka juu hadi chini kwa idadi ya upakuaji na kukata mkia, utakuwa umefuta idara nzima pasipo seneti kujadili. Linganisha jarida la historia na majarida ya historia. Na mwaka 2020 uwekeeni alama kwenye majedwali yenu: vyuo vyetu hapa Tanzania vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya UVIKO-19 vikafunguliwa tarehe 1 Juni, na mstari wa mwaka huo hauwezi kusomwa kama wa mwaka wa kawaida.

Ndugu zangu, naja kwenye jambo lililonileta hapa. Ni sifuri.

Tukiona sifuri mbele ya jina la jarida, au tarakimu ndogo mno, wazo la kwanza linalotujia ni kwamba halitakiwi. Katika maktaba yenye mtandao imara, wanafunzi waliofundishwa kutafuta makala, na viungo vinavyofunguka, wazo hilo linaweza kuwa sahihi. Katika mazingira yetu mimi ninaichukulia sifuri kwanza kama taarifa ya hitilafu, mpaka ithibitike vinginevyo. Nawapa kisa cha chuo kimoja ambacho sitakitaja. Chuo hicho kilibadilisha mtoa huduma wa intaneti. Anwani za IP za chuo zikabadilika zote. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani hizo: ombi likitoka kwenye anwani iliyosajiliwa, mlango unafunguka, likitoka kwingine, msomaji anaonyeshwa bei. Hakuna aliyewaandikia wachapishaji kuwapa anwani mpya, kwa sababu TEHAMA hawakujua kwamba maktaba inazihitaji na maktaba haikujua kwamba zimebadilika. Matumizi ya kifurushi kimoja yakaporomoka hadi karibu na sifuri. Mwisho wa mwaka ikaja hoja ya kukifuta kifurushi kwa sababu "hakitumiki". Wanafunzi walikuwa wakikigonga kila siku.

Sababu za aina hii ni nyingi, na nyingi hazina uhusiano wowote na hamu ya kusoma. Jarida limehama kutoka kwa mchapishaji mmoja kwenda kwa mwingine mwezi Januari, na matumizi yake yamegawanyika kwenye majukwaa mawili huku sisi tunaangalia ripoti moja. Jarida limebadilisha jina na ISSN, yaani namba yake ya utambulisho, na jedwali letu linafuata jina la zamani. Katalogi yetu ina kiungo kilichokufa. Chuo kizima kinatoka nje kupitia anwani moja ya IP. Mtu mmoja akapakua makala mamia kwa programu, mchapishaji akaifungia anwani ile, na chuo kizima kikakaa gizani kwa wiki. Ukitazama mstari wa mwezi kwa mwezi badala ya jumla ya mwaka, hitilafu za namna hii zinajitokeza zenyewe: matumizi ya msomaji aliyepoteza hamu hushuka taratibu, lakini ya msomaji aliyefungiwa hukatika siku moja. Ndiyo maana nasisitiza ripoti zisomwe kila mwezi. Kanuni za COUNTER zinamtaka mchapishaji aweke ripoti ndani ya wiki nne baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo hatuna sababu ya kusubiri Desemba ndipo tugundue hitilafu ya Machi.

Halafu kuna TR_J2. Hii ni ripoti ya walionyimwa: inahesabu mara ambazo msomaji wetu aliomba maandishi kamili akarudishwa kwa kuwa hatuna leseni, au kwa kuwa idadi ya watumiaji wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja ilikuwa imejaa. Vitabu vina ya kwao, TR_B2. Kwa maoni yangu ndizo ripoti zenye thamani kubwa kuliko zote na ndizo tunazozifungua kwa nadra. Zinatuonyesha kiu. Zile za matumizi zinatuonyesha tu nani alikunywa kwenye bomba tuliloliweka sisi. Kitabu kimoja cha kiada kinachoonyesha kila Aprili na Mei kwamba watumiaji wamejaa hakihitaji kamati. Kinahitaji kuongezewa leseni kabla ya mitihani. Jarida tusilolilipia ambalo watu wetu wanarudishwa mlangoni mwezi baada ya mwezi lina hoja yenye nguvu kuliko barua ya mkuu wa idara.

Lakini tuwe wakweli kuhusu kile ambacho hata ripoti hiyo haikioni. Ili nihesabiwe kama msomaji wa chuo changu niliyenyimwa, ni lazima kwanza mchapishaji anitambue kuwa ni wa chuo changu. Mwanafunzi aliyeko chumbani kwake Mbagala, au kwao Sumbawanga wakati wa likizo, anayetafuta makala kwenye simu kwa bando lake, anatokea kwenye anwani ya kampuni ya simu. Mchapishaji hamjui. Anakutana na bei, anafunga ukurasa, na hakuna ripoti yoyote duniani itakayoandika kwamba mwanafunzi wetu amenyimwa kitu ambacho tumekwisha kukilipia. Huyu hayumo kwenye waliosoma, na hayumo kwenye walionyimwa.

Fikirieni hilo lina maana gani kwa nchi kama yetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mwanafunzi aliyeko mkoani, kazini, nyumbani. Vyuo vingine navyo vina kampasi na vituo vilivyotawanyika. Hata mwanafunzi anayeishi bwenini anafanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye simu. Takwimu za matumizi zinazotegemea anwani ya IP zinamhesabu aliyekaa ndani ya geti. Kadiri mtu anavyokuwa mbali na geti, ndivyo anavyofifia kwenye hesabu zetu, na ndivyo tunavyozidi kuamini kwamba hahitaji. Tukifanya maamuzi kwa takwimu hizo peke yake, tutakuwa tunawakata wale wale ambao hatujawahi kuwafikishia huduma, kisha tunawaambia kwamba ni kwa sababu hawakuitumia.

Kwa hiyo ni lazima tuwe na hesabu zetu wenyewe. Maktaba inayotumia seva wakala kama EZproxy, au mfumo mwingine wa kuingia kwa nenosiri kutoka nje ya chuo, ina kumbukumbu ambazo mchapishaji hana. Zinaweza kutuambia ni wangapi wa kitivo fulani, wa kampasi fulani, wa mwaka fulani wa masomo wamewahi kuingia. Kipimo ninachokipenda ni chepesi kabisa: chukua idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na chuo katika kitivo, weka kando yake idadi ya waliofungua akaunti ya kusoma kutoka nje. Mahali ambapo mmoja kati ya ishirini ndiye mwenye akaunti, gharama kwa kila matumizi haipimi thamani ya jarida. Inapima kazi ambayo sisi hatujaifanya. Kabla ya kuzungumza kuhusu kufuta, hapo pana mafunzo ya kutoa, nenosiri la kurahisisha, na mhadhiri wa kumfuata mpaka ofisini akubali kutupa nusu saa ya kipindi chake.

Kumbukumbu hizi zina hatari yake, na nataka tuizungumze waziwazi. Ripoti za COUNTER ni za jumla; hazimtaji msomaji. Kumbukumbu za seva wakala zinaweza kumtaja: jina, saa, makala. Mwanafunzi anayesoma kuhusu VVU, kuhusu kujiua, kuhusu siasa za upinzani, ana haki ya kusoma bila mtu kumchungulia begani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina za kwao tangu 2019. Hata kama sheria zisingekuwapo, maadili ya kazi yetu yanatosha. Ondoeni majina mapema, bakizeni kitivo na mwaka wa masomo, futeni kumbukumbu ghafi kwa muda uliopangwa na kuandikwa. Na mtu akija kuomba orodha ya nani anasoma nini, awe na cheo gani, jibu liwe limeandaliwa kabla hajafika.

Mtauliza, wenzetu waliokata vifurushi wamefanyaje? Mifano ipo. Chuo Kikuu cha Montréal mwaka 2016 kilifuta zaidi ya majarida 2,000 ya kifurushi cha Springer, kikabaki na takriban 150. Mwaka 2020, mwezi Aprili, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la New York, SUNY, uliachana na kifurushi kikubwa cha Elsevier ukachukua majarida 248 tu. Mwezi huo huo Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilifanya hivyo hivyo. SUNY walisaidiwa na Unsub, programu inayokadiria kitakachotokea ukifuta: makala ngapi zitapatikana bure, ngapi zitasomwa kwa haki za kudumu, ngapi zitaombwa kwa kuazimana baina ya maktaba.

Nawasifu, na nadhani tuna cha kujifunza, hasa kwa Montréal. Wale hawakuangalia upakuaji peke yake. Walihesabu pia watafiti wao wanayataja majarida gani kwenye machapisho yao, na waliwauliza wenyewe wanayahitaji yapi. Sisi tunaweza kuhesabu marejeo katika tasnifu za uzamili na uzamivu zilizopo kwenye hazina zetu za kidijitali. Ni kazi ya mikono, lakini inamwona yule mwanafunzi wa Sumbawanga: kama makala ameipata kwa rafiki aliye ng'ambo, au kwenye Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji, haimo kwenye ripoti yoyote, ila imo kwenye marejeo yake.

Kile ambacho hatuwezi kukichukua kama kilivyo ni ukadiriaji wenyewe. Hesabu zao zimesimama juu ya mfumo wa kuazimana ambao makala ikiombwa leo inaweza kufika kesho kwa barua pepe. Sisi kuazimana baina ya maktaba zetu bado ni kwa kufahamiana: unampigia mwenzako wa Morogoro au Muhimbili simu akutumie. Mpaka tujenge mfumo wa kweli ndani ya COTUL, muungano wetu wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, na pengine kati ya COTUL na miungano ya wenzetu, KLISC ya Kenya na CUUL ya Uganda, jarida tulilolifuta limekwenda kabisa, na hesabu yetu lazima ikiri hivyo.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao wenzetu wa New York hawana, nao ni vile tunavyovipata bure. Sehemu kubwa ya majarida ya tiba, kilimo na mazingira tunayasoma kupitia Research4Life, mpango wa kuzipatia nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada nafuu: Hinari iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, iliyofuata 2003, na nyingine zilizokuja baadaye. Kwa kuwa hatuvilipii, hatuvihesabu. Hilo ni kosa. Nchi huwekwa kwenye makundi kwa vigezo vya uchumi na maendeleo. Walio kundi A hupata bure, kundi B hulipa ada nafuu, na aliyevuka vigezo anatoka. Tanzania inapata bure kama mojawapo ya nchi zenye maendeleo duni kabisa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Lakini Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa tumeingia uchumi wa kati wa chini, na sote tunajua nchi inataka kuelekea wapi. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa zaidi ya majarida 2,500 kutoka Hinari kwa upande wa Bangladesh. Yalirudishwa baada ya watafiti na majarida ya tiba kupaza sauti. Siku kama hiyo ikitufikia, mkutubi atakayeulizwa "mnapoteza nini?" ajibu kwa orodha: majarida haya, ya vitivo hivi, yanayofunguliwa kwa kiasi hiki. Hiyo orodha haitengenezwi ndani ya wiki ya dharura.

Namalizia kwa kalenda, kwa sababu ndipo mipango yetu mingi inapokwama. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Mikataba mingi ya majarida inaisha 31 Desemba, na mingi inataka taarifa ya kutoendelea siku 60 au 90 kabla. Maana yake, uamuzi wa kweli unafanyika Septemba, wakati wanafunzi wako likizo na kamati ya maktaba haijaitishwa. Pendekezo langu ni kwamba mwisho wa Julai kila maktaba iwe na ripoti za Januari hadi Juni: matumizi, ufikiaji huria, miaka ya kuchapishwa, na walionyimwa. Agosti iwe ya kuuliza: kila sifuri ifuatiliwe na TEHAMA, kiungo kwa kiungo, anwani kwa anwani. Septemba tukutane kama muungano, na tupeleke kwa mchapishaji faili moja la nchi nzima badala ya kila chuo kwenda na lake. Msiogope ukosefu wa mifumo ya gharama. Ekseli na mtu mmoja makini vinatosha kuanzia, na kijana yeyote wa TEHAMA anayejua kuandika programu ndogo anaweza kuvuta ripoti zenyewe kila mwezi kwa njia ya SUSHI, utaratibu unaoiwezesha kompyuta kuzichota kwa mchapishaji bila mtu kuzipakua moja moja.

Tuingize pia kwenye mikataba kifungu kinachotaka ripoti kamili za COUNTER, zikiwemo za walionyimwa. Na tuzihifadhi wenyewe. Kanuni zinamtaka mchapishaji atunze mwaka wa sasa na miaka miwili iliyopita tu; akibadilisha jukwaa, ya nyuma yanaweza kupotea, na pamoja nayo kumbukumbu ya wasomaji wetu. Nimemwomba katibu wa kikao atenge saa moja mchana huu, kila chuo kifungue TR_J2 yake ya mwaka jana hapa hapa, tuwekeane majedwali mezani tuone ni majarida gani watu wetu wanarudishwa mlangoni kwa pamoja. Waliokuja bila nenosiri la kuingilia kwenye tovuti za wachapishaji wawapigie simu ofisini sasa.

Asanteni sana.